Sentensi Isiyo na Shahidi

Karakana, 9 Februari

Kwako Shangazi, mwenye kalamu nyekundu,

Shikamoo. Nyingine ni ya baba, amenituma nikupe, nami naitoa mapema kabla sijaisahau. Huku hatujambo. Goti la baba limeanza tena kuuma na yeye ameanza tena kukisingizia kiti. Dada ana mimba ya miezi minne: asubuhi anatapika, mchana anagombana, jioni anatuomba msamaha sote kwa pamoja ili asirudierudie. Shemeji yuko safarini na lori lake. Kwa hiyo mwanamume wa nyumba ni mimi, ukimtoa baba, na baba tumeshamtoa.

Sasa jambo lenyewe. Mikono hii unaijua. Karakana nzima inajua kwamba nikichomelea chuma hakiachani tena mpaka kiama, na asiyejua namwambia mwenyewe. Kilichobaki ni cheti tu. Mtihani una karatasi mbili. Ya kwanza unachomelea mbele ya msimamizi. Hiyo niliipita huku nikipiga mluzi. Ya pili imeandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo inayonipita mimi, mara mbili sasa. Tajiri amesema bila cheti nitabaki kwenye grenda nikisaga kutu za wenzangu. Mtihani ni Juni.

Kila mwaka wanatoa swali la vitenzi viunganishi. Sivijui hata kwa sura. Wewe unasoma Kiingereza cha watu kutwa nzima, unawachora makosa kwa wino mwekundu, na mwisho wa mwezi wanakulipa badala ya kukupiga. Nifundishe. Kwa simu haiwezekani, wino haupiti kwenye simu. Wala usiniulize kwa nini sikumaliza shule. Niliondoka kwa hiari ya mwalimu.

Nimekuandikia tatu upime kina cha maji:

I am a great welder.
I am handsomely.
I have hungry.

Mwanao,
Jogoo, Fundi Mkuu wa Baadaye


Chumba cha Masahihisho, 24 Februari

Jogoo,

Marahaba zote mbili. Mwambie baba yako kiti hakina kosa, ni miaka. Mwambie dada yako apumzike mchana. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile.

Kitenzi cha kawaida kinafanya jambo: kinapika, kinapiga, kinabeba. Kitenzi kiunganishi hakifanyi. Kinamshika mtajwa upande huu na habari yake upande wa pili, basi. Mkubwa wao ni "is" na ndugu zake "am", "are", "was". Wengine ni "become", kuwa kitu ambacho hukuwa, "seem" na "look", kuonekana, "feel", kujisikia, "smell" na "taste", za pua na ulimi, "remain", kubaki.

Baadhi yao wana kazi mbili, kwa hiyo wajaribu. Toa kitenzi, weka "is". Sentensi ikisimama, ulikuwa na kiunganishi. "The soup smells good", mchuzi unanukia vizuri. Weka "is", mchuzi ni mzuri, imesimama. "The boy smells the paint", kijana anainusa rangi. Weka "is", kijana ni rangi. Imeanguka.

Na sharti langu. Kwenye meza hii ya kiwanda cha uchapaji, kabla karatasi haijaenda mtamboni, kila sentensi inayodai jambo huandikiwa shahidi pembeni. Kikaratasi cha dawa kikisema kijiko ni cha mililita tano, kuna mtu amekipima, na jina lake liko pembeni. Wewe pia. Kila sentensi na shahidi wake. Isiyo na shahidi naikata, hata sarufi yake iwe imenyooka kama rula.

Zako:
1. Sarufi sahihi. Shahidi hakuna. Imekatwa.
2. Baada ya kiunganishi tunataka sifa, si namna ya kutenda: "handsome". Shahidi hakuna. Kioo hakikubaliki, ni mshitakiwa mwenzio.
3. Kwetu mtu ana njaa. Kwao mtu mwenyewe ndiye mwenye hali hiyo: "I am hungry". Hii naiamini bila shahidi, nakujua.

Shangazi


Karakana, 15 Machi

Kwa Shangazi mkata sentensi,

Shikamoo, na pole kwa mkono, maana ulivyonikata si kwa kalamu ile, ni kwa panga. Wa nyumbani wanakusalimu. Baba amekisamehe kiti. Dada ana mwezi wa tano na ameanza kupepesuka akitembea, kama mtu aliyebeba televisheni mbele.

Viunganishi nimevielewa kuliko walioviunda. Ni kuchomelea kutupu! Bomba huku, kitako kule, katikati ule mshono. Mshono haubebi maji wala haufungui mlango. Unashika. Nimewaelezea wenzangu hapa, wakasema kijana ni rangi. Sasa ndilo jina langu la pili, ahsante sana.

Lakini sikia hili. Zahanati ya wazazi imejengewa ghorofa, na kliniki ya wajawazito itahamia juu. Reli ya ngazi tumepewa sisi. Fundi mkubwa alikuwa kitandani na homa, mteja anaitaka Jumamosi, tajiri akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniona mimi. Nguzo kumi na mbili, Shangazi! Nimezichomelea peke yangu, nimezipiga rangi ya kijani, Jumamosi saa kumi jioni nimekabidhi. Muuguzi mkuu alipitisha kidole juu yake akasema, "Laini kama shavu la mtoto." Nilisimama tu nikionekana.

Sentensi, na mashahidi uliowataka:

The stairs are long. Shahidi: miguu yangu.
My sister is fat. Shahidi: dada mwenyewe, alinirushia kandambili.
The rail is strong. Shahidi: tajiri, amesema.

Jogoo,
Fundi wa Nguzo Kumi na Mbili


Chumba cha Masahihisho, 2 Aprili

Jogoo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani. Mimi ni mzima na kazi ni ile ile. Nimechelewa kidogo kwa sababu ya wingi wa shughuli.

Sentensi ya kwanza imepita. Ya pili imepita. Mwombe dada yako radhi, na neno la adabu zaidi ni "pregnant".

Ya tatu nimeikata. Tajiri wako amesema. Je, alipanda akaijaribu, au alisema akiwa kwenye kiti chake karakana? Msemaji si shahidi. Muuguzi naye alipitisha kidole, na kidole kinapima rangi. Niandikie upya, na shahidi aliyekuwepo.

Umeacha "become", "feel" na "remain". Mtihani hautaziacha.

Shangazi


Karakana, 20 Aprili

Kwako Shangazi usiyeridhika,

Shikamoo. Baba anakusalimu, goti linakusalimu. Dada mwezi wa sita na ushee. Kila Jumanne anakwenda kliniki nami namsindikiza. Mimi napita upande wa reli, yeye upande wa ukuta. Ngazi ni nyembamba, unajua tena.

Karakana kwema. Tumepata kazi ya mageti manne na tenki la maji. Fundi mkubwa amepona na amerudi na ukali alioupumzisha wiki tatu. Nikizungumza Kiingereza anasema zima redio. Juzi nilimwambia "You seem angry", mzee, una hasira, shahidi ni mate yako yananirukia. Nimefukuzwa mpaka kwenye choo.

Sentensi:

The rail is new. Shahidi: tarehe.
The rail is green. Shahidi: shati langu.
The rail looks strong. Shahidi: macho yangu.
My sister feels tired. Shahidi: yeye.
Your letter smells bad. Shahidi: pua yangu.

Ya mwisho usiichukie, ina sababu. Barua yako ya mwisho inanuka gundi, na pembeni kuna alama ya kidole iliyokauka ukiikwangua inabanduka. Mimi nilifika pale kwako nikiwa mdogo. Chumba cha masahihisho kilinuka wino na chai. Gundi ilikuwa kule chini wanakofunga maboksi. Nauliza tu, kama kijana wa kawaida mwenye pua.

Jogoo


Chumba cha Masahihisho, 6 Mei

Jogoo,

Marahaba. Salamu kwa wote.

Sarufi yako imekuwa nzuri. Zote tano zinasimama. Kuhusu gundi, bahasha zote zina gundi. Kazi ni ile ile.

Nina maswali mawili, yanatokana na karatasi zako na si mahali pengine. Machi uliandika reli ni imara. Nilikukata kwa sababu ya shahidi tu. Ungeweza kupanda, kuitikisa, na kuniandikia sentensi ile ile. Aprili hukuitikisa. Umebadilisha kitenzi. Anayesema "looks" amesimama mbali na kitu, na wewe ndiye uliyekitengeneza.

La pili. Tangu lini wewe humsindikiza mtu? Ulipokuwa na miaka kumi ulimwacha baba yako sokoni na magunia mawili kwa sababu ulisikia muziki.

Nasubiri.

Shangazi


Chumba cha Masahihisho, 28 Mei

Jogoo,

Barua yangu ya tarehe 6 haijajibiwa. Nilimpigia baba yako, anasema unakula na unalala. Nilipomwomba akuite hukuja kwenye simu.

Nguzo ipi?

Shangazi


Karakana, 16 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Wa nyumbani wazima wote, hilo nalitanguliza usikimbie mistari. Dada bado hajajifungua.

Ya tano. Kutoka chini, pale ngazi inapokata kona.

Ile Jumamosi ya Machi vijiti vya kuchomelea viliniishia kwenye nguzo ya nne. Duka limefungwa, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua nyumba. Nilikuwa na vipande viwili vifupi kama vya sigara. Nyingine nilizipa vijiti nilivyoazima karakana ya jirani, lakini vile vilikuja baadaye, na ya tano ilikuwa tayari. Tayari kwa macho. Niliigusisha moto sehemu mbili, nukta na nukta, pengo lote lililobaki nikajaza puti, nikapiga msasa, nikapaka kijani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, tena vizuri sana. Muuguzi akasema shavu la mtoto.

Nilijiambia nitarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo watu walikuwa wananisifia, na mtu akisifiwa kumwambia anayemsifia ngoja kidogo ni kazi. Wiki ikaisha. Halafu kliniki ikafunguliwa juu na dada akapewa siku ya Jumanne. Basi nikawa naenda. Kila tukifika kwenye kona nahesabu wanawake walioko mbele yetu na mkono gani wameshikia. Yeye anadhani nimekuwa mtu mzima.

Mtihani nao ukapangwa Jumanne, tarehe 10. Saa mbili asubuhi, saa ile ile ya kliniki. Nikamwambia dada asiende wiki hiyo. Akasema, "Wewe ni daktari tangu lini, Rangi?" Ndiyo, jina limefika mpaka nyumbani.

Jumatatu nikamwendea tajiri nikamwambia yote. Alikuwa anakunywa chai, hakuiweka chini.

"Imesimama miezi mingapi?"

"Mitatu, tajiri."

"Imeanguka?"

"Bado."

"Basi iache na adabu zake. Kesho nenda ukafanye mtihani. Ukirudi na cheti utachomelea vya kwako."

Usiku ule sikulala vizuri na sitaandika zaidi juu ya hapo.

Jumanne saa kumi na mbili nilichukua mashine bila kuomba, nikaisukuma kwenye mkokoteni mpaka zahanati. Nikafunga kamba juu na chini ya ngazi. Muuguzi mkuu akatoka anapiga kelele, nani kakuruhusu, wagonjwa watapita wapi. Nikaishika nguzo ya tano nikaisukuma. Kwa kiganja, Shangazi, sikutumia nyundo. Puti ikapasuka kama ganda la yai na nguzo ikalala upande wa nje. Yule mama akaishika kamba yangu. Akawazuia wajawazito chini, akawapimia barazani mpaka saa tano, na dada yuko kwenye benchi kati yao akiniangalia. Sikumwangalia.

Nimechomelea ya tano kuizunguka yote. Kisha nikapiga nyundo zile nyingine kumi na moja, moja moja. Ziko sawa, kwa hiyo kelele zangu za Machi zilikuwa na ukweli wa kumi na moja kwa kumi na mbili.

Mtihani umekwenda na wenyewe. Mwingine ni Desemba. Tajiri aliikuta mashine imerudi ina vumbi la zahanati. Amenitoa kwenye mashine. Nilidhani nitarudi grenda, kumbe grenda amempa mwingine. Nafagia.

Sentensi ni tatu tu:

The fifth post was weak. Shahidi: kiganja changu.
I was afraid. Shahidi: hakuna. Ikate ukitaka.
The rail is strong. Shahidi: mimi, kilo sitini na mbili. Nimening'inia upande wa nje, miguu hewani, muuguzi akahesabu mpaka sitini. Alitaka kuacha kwenye arobaini, nikamwambia endelea. Sahihi yake ipo nyuma ya karatasi hii.

Jogoo


Chumba cha Kufungia Maboksi, 5 Julai

Jogoo,

Marahaba. Baba yako amenipigia: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama na mtoto wazima. Amesema ana sauti yako. Mpe pole dada yako.

Sentensi zako.

Ya kwanza imepita.

Ya tatu imepita. Sahihi ya muuguzi nimeiona. Umeandika "is", na safari hii sina la kuongeza.

Ya pili sikuikata. Shahidi wake ni barua ya Mei ambayo hukuiandika.

Sasa zangu. Nimekaa nazo siku kumi.

I was a proofreader. I became a packer. Nilikuwa msahihishaji, nimekuwa mfunga maboksi. Tangu Januari, kabla hujaniandikia barua ya kwanza, kiwanda kimeweka kompyuta inayosahihisha, na meza yangu imepelekwa chini ya ngazi, inawekewa ndoo. Nafunga maboksi na kubandika karatasi za anwani. Kila nilipokuandikia kazi ni ile ile, pembeni hapakuwa na shahidi. Ungesoma barua zangu nilivyozisoma zako, ungenikata mara tatu.

Kalamu nyekundu niliondoka nayo. Hawakuuliza.

Kitabu cha mazoezi ninachokutumia ni cha Desemba. Usiruke "remain".

Shangazi


Karakana, 20 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya mjomba mpya, yaani mimi. Mtoto analia kwa sauti kubwa na bila sababu, kwa hiyo ni wa ukoo wetu. Baba amempa kile kiti, eti mama yake akae akinyonyesha. Shemeji amefika juzi, amembeba kama anabeba mayai ya watu.

Karakana nafagia bado. Lakini wiki jana fundi mkubwa aliniita, akanipa mshono wake niuangalie, akasema, "Njoo, wewe mwenye kuning'inia." Tajiri aliona, akajifanya anatafuta miwani. Mwisho wa mwezi nadhani nitakuwa kwenye grenda. Desemba wajiandae, nitawajibu mpaka maswali ambayo hawajauliza.

Nimenunua kalamu nyekundu. Sentensi zako nimezipitia. Ya kwanza, sarufi sahihi, shahidi ni mimi, nilikuona mezani pale nikiwa mdogo. Ya pili, sarufi sahihi, shahidi ni gundi. Zimepita. Ile ya kazi ni ile ile nimerudi nyuma nikaikata kwenye barua zote tatu. Nimezirudisha humu uone nilivyochora.

Na nimefanya zoezi la "remain" kama ulivyoagiza. Siku ya kutoka zahanati nilikuwa nyuma nimebeba mfuko. Mtoto mkono wa kulia, mkono wa kushoto dada alishika reli tangu juu mpaka chini, na kwenye kona alisimama akaegemea, akapumua, akaendelea. Mimi nilipita upande wa ukuta.

You remain a proofreader. Shahidi: nguzo ya tano.

Mwanao,
Jogoo, Mfagiaji kwa sasa